Dhamana

Tukuyu, mvua haikati. Bati la mahakama linapiga kelele
hadi wakili arudie: mteja wake ni mwalimu,
miaka kumi na tisa ya chaki,
anaomba dhamana.

Nipo benchi la nyuma, tope la Kyimbila viatuni,
nalitafuna neno hilo.

Dhamana alishapewa.
Nilimpa mimi, Januari, mkono kwa mkono:
Tusekile, miaka tisa, madaftari matatu,
sweta la kijani nililofuma mwenyewe.
Nikaongeza mkungu wa ndizi,
nikasema, "Mwalimu, huyu sasa ni wako."
Ni mimi niliyesema.

Shemeji yake alikuja juzi usiku na salamu:
ng'ombe wawili, tuyamalize nyumbani, mtoto atasahau.
Nikamwonyesha lile sweta.
Tangu Machi mtoto hataki hata kuliona kambani.

Karani anasoma shtaka
kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya mbolea.
Kumbe sheria inalijua nililoshindwa kulitaja jikoni:
aliyeaminiwa akihini, kosa lake lina jina,
na jina hilo si langu.

"Upande wa mashtaka, kuna pingamizi?"

Nimesimama. Hakuna aliyeniita.