Ulimbo wa Miezi Tisa

Nyemo, surua niliiugua Bahi mwaka wa njaa,
macho mekundu, dirisha limezibwa kwa kaniki.
Nilipona. Sikujua kwamba damu
iliutunza uso wa kirusi, alama kwa alama.

Hukuja mikono mitupu:
kupitia kitovu nilikuchotea ulimbo.
Mgeni yule akirudi na ufunguo wake
kingamwili hazimpigi, hazipayuki;
zinang'ang'ania meno ya ufunguo
mpaka kufuli la seli limkatae,
abaki nje, kama kumbikumbi
aliyeangukia uji.

Lakini ulimbo wa mama hukauka.
Umeota meno mawili,
na nilichokupa kimebaki tone.

Ndiyo maana tumetoka alfajiri,
vumbi la Agosti mdomoni,
na sasa Sista Chilewa anakuambia pole
kabla hata ya sindano.

Umelia mpaka mbuzi wa nyuma ya zahanati wameitika.
Lia.
Ndani yako kuna mtu ameanza kuchemsha
ulimbo wake mwenyewe,
polepole, siku baada ya siku,
wala hataniomba kuni.