Zulia la Karne ya Ishirini

Kiti cha wateja, duka la fundi cherehani, Langoni,
kimefunikwa kipande chekundu
kilichokwisha manyoya, chenye tundu la sigara.
Watu hukikalia wakingoja suruali.

Ami yangu Madi Shekuwe alitoroka meli Nyuyoki,
mwaka ambao hapendi kuutaja,
akapata kazi stesheni: kutandika zulia.
Kila siku, kabla ya saa kumi na mbili jioni,
zulia refu kuliko gati letu,
kwa treni moja tu, ya Shikago.
Treni ya Karne ya Ishirini, ndilo jina lake.
Ilizaliwa na karne, mwaka wa pili.
Ilifuata mto, ikaikwepa milima,
ina kinyozi wake, ina karani wa kupiga taipu,
na zamani, ikichelewa, abiria hurudishiwa
dola moja kwa kila saa.

Wapagazi weusi wote waliitwa Joji.
“Na mimi Joji,” asema ami.
“Mama alinitindia mbuzi wa akika kwa jina la Madi.
Wale walinipa la bure.”

Desemba ya sitini na saba, safari ya mwisho,
treni ya mizigo ilianguka njiani,
Karne ikaingia Shikago imechelewa saa kumi kasoro.
Kama kuna aliyelipwa, ami hajui.
Usiku ule yeye alikuwa na wembe,
na zulia halikuwa na mwenyewe.

Sasa ng'ambo, Kililana,
katika shamba la simsim la shangazi Zena
kuna kigingi cha zege chenye namba.
Reli itapita hapa, walisema, hadi Habeshi, hadi Sudani.
Mwaka ule pacha wake walitahiriwa.
Leo pacha wananyoa ndevu.
Simsim haipandwi, treni haiji,
na kigingi hukalia kunguru.

Ami amepiga hesabu kwa chaki, juu ya meza ya kukatia:
dola moja kwa kila saa,
usiku na mchana, Ijumaa ikiwemo.
Hesabu imevuka ukingo wa meza,
imeshuka mguuni.
“Zena ni tajiri,” asema, “hajaambiwa tu.”

Saa kumi na mbili akuinua kitini,
akung'uta kile kipande, akitandike kizingitini.
Punda wa Kassim Bunu apita na mifuko ya saruji.
Hakikanyagi.
Ami angoja kidogo, akikunja,
akurudishia kiti.

“Suruali yako,” asema,
“kesho.”