Mguu wa Bi Ianthe

Wiki ya kwanza tu aliniita Dokta,
mimi ambaye sikujua ini linakaa upande gani
bila kujigusa kwanza.
"Dokta wa kumi na saba," alisema,
akanionyesha msumari wa kutundikia koti,
bomba linalokohoa kabla ya kutoa maji,
kisha akaketi, akapandisha gauni hadi gotini:
"Na huu ndio mguu."

Wa kushoto. Umeumuka
kama unga uliosahauliwa na hamira yake.
Wote kumi na sita walikuwa wameubonyeza kwa kidole gumba,
wakahesabu sekunde hadi shimo lijae.
Nami nikabonyeza. Nikahesabu. Nikasema "Aa,"
kama mtu aliyeelewa.

Grenada hunukia kungumanga mvua ikikatika.
Mimi nilinuka fomalini.
Baba alipiga simu kutoka Queens, anakopakia mizigo ya ndege,
akipaza sauti juu ya injini:
bahari ni nzuri?
Nzuri, Baba. Niliiona kwenye dirisha la maktaba,
mstari wa buluu juu ya mishipa ya fahamu ya uso.

Muhula wa tatu viti vilianza kubaki vitupu.
Tobiasz wa Chicago aliondoka Jumanne, hakuaga.
Aliacha jokofuni kopo la matango ya siki
na kitabu chenye jina langu ndani;
nilikuwa nimekitafuta mwezi mzima.
Sikulia. Nilihesabu kurasa zilizobaki.

Deni lenyewe halikuacha shule.
Lilikesha kuliko sisi sote.
Dawa ya deni kulipa:
hiyo ndiyo dawa pekee
ambayo kitabu cha famakolojia hakikutaja dozi yake.

Kisha Brooklyn, wodi, theluji iliyochafuka,
na daktari bingwa akisoma beji yangu polepole.
"Aha. Visiwani."
Neno moja, na ndani yake mchanga,
kinywaji chenye kimwavuli cha karatasi,
mlango wa nyuma.
Sikumsimulia kimbunga,
tulivyosoma figo kwa tochi,
Bi Ianthe akisogeza ndoo chini ya tundu la bati kwa mguu ule ule,
akiniuliza maswali kutoka kwenye kadi zangu,
akitamka "glomerulasi"
kama jina la mpwa mtukutu.

Nilipeleka posa mia moja tisini na mbili.
Mshenga ni kompyuta, haijui haya.
Wakaitikia watatu.
Jumatatu ya Machi, saa tano asubuhi: hapana.
Sentensi moja, yenye adabu.
Mama akairudisha suti ya usaili
katika plastiki ya dobi, taratibu,
kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Mwaka mzima nilikaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa
nikichapa maneno ya madaktari wengine.
Usiku nikaandika posa upya.
Wakati huo ndipo nilipolijua jina la ugonjwa wake,
nikamwandikia Bi Ianthe, kwa fahari kidogo.
Akajibu: "Jina ninalo tangu Dokta wa tatu.
Ninasubiri dawa."

Machi iliyofuata: tiba ya familia,
mji wa Dakota Kaskazini
ambao Baba aliutafuta ramanini kwa kidole
hadi kidole kikaishiwa na barabara.
Nilipompigia Bi Ianthe alipiga ukelele, majirani wakasikia.
Kisha akauliza,
"Huko hawana madaktari?"
Wachache, nikasema, ndiyo maana wamenikubali.
Akanyamaza kidogo.
"Hata hapa ni wachache."
Hakusema kwa ubaya. Alisema kama anayetaja bei ya sukari.

"Subiri, usikate. Wa ishirini na moja amerudi.
Ana vidole vya baridi huyu."
Nikasikia kiti kikilalamika,
halafu sauti changa, mbali na simu,
ikianza: moja, mbili, tatu,
nami jikoni Queens, suti bado mwilini,
nilikuwa nahesabu naye.