Elektroni Nane

Robledo, saa tisa na robo usiku.
Ng'ombe wa Zacarías wamelala, wanacheua,
chini ya sinia la chuma lililokinga mbingu
kudaka neno lililoondoka huko jana asubuhi,
mimi nikipiga mswaki.

Kwaheri ya jua, chombo chetu kinakwenda.
Tulikiita Kipanga.
Kina masharubu mawili ya shaba, mita kumi kumi.
Eutimio aliyakunja kwa mkono wake
mwaka aliooa.

Sasa ana themanini na moja.
Mlinzi humpitisha bila kitambulisho,
sweta ameivaa ndani nje, chupa ya kahawa kwapani.
"Limefika?"
"Limefika."
Pigo la jua la mwaka juzi, limetembea mpaka kule
likaitikisa plasma.

Usidhani plasma ni moshi.
Ni gesi iliyovuliwa nguo:
elektroni huku, ioni kule,
na ukizisukuma elektroni zinarudi,
zinapitiliza, zinarudi tena, bembea isiyo na mtoto.
Zikisongamana, mlio hupanda.
Zikitawanyika, hushuka.
Hivyo ndivyo tunavyopima giza:
kwa sikio.

Miezi minane tulipokea mchakato mtupu,
mchele ukipepetwa chumba cha pili.
Leo nikawasha spika
na uzi mwembamba wa sauti ukajitenga na pumba.

Akainamisha kichwa.
"Huo," akasema. "Huo ndio."
Mlio ukapanda. Ukapanda tena.
Nikamwona usoni unavyomtoka,
kama mtu anayeagana na gari moshi
na behewa la mwisho limeshakata kona.

"Umekwisha?"
"Haujakwisha. Umepanda."

Hakujibu. Akalivua spika kifuniko,
akaweka kidole gumba juu ya karatasi yake,
akafumba macho.
Sijui kama kidole kilisikia kitu.
Feni ya kabati ilikuwa ikivuma,
na nje ndama mmoja alikuwa akimlilia mama yake.

"Mlio ukipanda," akasema mwishowe,
"basi kumenenepa huko."
Nikapiga hesabu nyuma ya fomu ya zamu:
mwaka jana, elektroni tano
katika ujazo wa kikombe kama chake.
Leo, nane.

Akakitazama kikombe chake kitupu
muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu,
kisha akakisogeza kwangu.
"Tia," akasema,
"lakini polepole.
Wamo watu."