Kata ya Maji

Umeniuliza, Mwanaidi, wakili wangu nilimpataje.
Keti. Habari yenyewe ina ndoo ndani yake.

Mafao yalitoka mwezi wa tatu:
miaka thelathini na mmoja ya kupokea watoto wa watu
wodi ya wazazi, Temeke.
Sijamwambia hata dada yangu, dalali Chubwa anajua.
Madalali wa mji huu wananusa akaunti
kama sisi tunavyonusa samaki aliyelala.

Nyumba ilikuwa Yombo Vituka. Vyumba vitatu, choo cha ndani,
mpapai mmoja, geti jekundu,
ukuta mweupe pe, chokaa bado inashika kiganjani.
"Mama, nyuma yako wako wateja wanne.
Wakili ninaye, wa Posta, ghorofa ya tisa.
Wewe usihangaike."

Nikapanda lifti. Nikakalia kiti kinachozunguka.
Kiyoyozi kikanipata hadi kwenye magoti.
Wakili ana tai nzuri, ana sauti nzuri,
ana mkataba uliokwisha kuchapwa,
na jina langu limekosewa herufi moja.

Herufi moja! Mimi niliyeandika vichanga kwenye plasta za mkononi
najua herufi moja inampeleka mtoto kwa mama mwingine.
Nikamuuliza: nyumba umeiona?
Akacheka kidogo, kwa adabu.
"Mama, sisi tunasoma karatasi."

Nikaomba kwenda msalani.
Nikashuka ngazi, ghorofa zote tisa, kwa miguu.

Sijaona Likwepa ofisi yake iko Tandika,
juu ya duka la misumari na mabati;
feni ina mapanga mawili, la tatu sijui liko wapi.
Hakuniuliza nina shilingi ngapi.
Aliuliza: muuzaji ana mke?
Anayelala mle leo ni nani?
Mjumbe wa shina umemsalimia?
Akaandika bei yake, akanikatia risiti,
kisha akavua viatu, akavaa raba.

Yombo, saa nne asubuhi. Akaizunguka nyumba mara mbili
kama mtu aliyepotelewa na kuku.
Akapapasa ukuta. Akamwomba mpangaji
ndoo na kata.
Nikadhani ana kiu.

Akayamwaga ukutani.

Mwanaidi, chokaa ikilowa hukonda.
Kilianza kivuli, ukaja mguu wa herufi,
akaongeza kata ya pili, ya tatu,
na maneno yakapanda kutoka ndani ya ukuta
kama upele wa surua kifuani kwa mtoto:
NYUMBA HII HAIUZWI
na chini yake, kwa mkono mdogo,
mimi mkewe nipo.

Tulipogeuka, Chubwa hayupo.
Bodaboda yake tuliisikia kona ya msikiti.

Mpangaji ndipo akasema, taratibu,
mama mwenye nyumba yuko Newala, anamuuguza mamake.
Likwepa akapiga simu palepale.
Mimi nilisikia upande mmoja tu:
"Hapana, mama. Haijauzwa. Hapana."
Kisha kimya, kirefu,
maji yakidondoka ukutani.

Wazazi walimwita Sijaona. Nani aliwaambia?

Sasa nakaa Mbagala Kuu. Usidhani ilikuwa rahisi.
Miezi saba! Upekuzi ardhi, mara faili halipo,
mara lipo, aliyelishika yuko likizo;
majirani wa mipaka, mmoja mmoja, na dole gumba zao.
Nilimtukana wakili wangu moyoni, Mungu anisamehe,
kila aliposema, "Bado, mama."
Siku ya hati nililisoma jina langu kwa kidole,
herufi kwa herufi, kama zamani wodini.

Ukutani nimeandika mwenyewe, kwa rangi ya mafuta.
Unajua nilichoandika.

Haya, nenda. Ngazi ziko nyuma ya duka;
ukimkosa, mwulize muuza misumari.
Beba kitambulisho, beba na subira,
na usivae viatu virefu.