Mwenyeji Yuko Chini

Ngazi ni thelathini na moja, nimezihesabu
kila siku, flashi shingoni kama hirizi:
panda na kiolezo, shuka na kiolezo,
kofia moja ya vito, safari nne.
Kuta za nyumba hii ya Langoni ni matumbawe,
unene wa mkono mzima; waifai haipiti,
na sauti ya shangazi
hufika juu imechoka.

Basi Jumatatu nikavuta waya
kutoka kwa Linux yangu, darini,
nikaupitisha tundu la panya, nyuma ya zidaka,
hadi ukumbi wa chini
ilipo Windows ya Bi Mwanatumu,
manjano kama jino la mla tambuu,
inayojua printa moja tu duniani,
na printa hiyo haimjui mwingine.

Nikaandika njia.
Kwake mikwaju huegemea nyuma,
kwangu huinama mbele;
nikaigeuza mmoja mmoja
kama apangaye viatu mlangoni.
Nikabonyeza.

Kosa mia na kumi na mbili:
mwenyeji yuko chini.

Nikacheka peke yangu.
Kweli yuko chini! Kando ya mtungi,
feni yake ikikohoa,
taa yake ya kijani ikipepesa.
Nikaandika tena. Yuko chini.
Nikazima, nikawasha. Chini.
Saa mbili nzima natangaziwa msiba
wa mtu ninayemsikia akipumua.

Kumbe hakufa. Hakuelewa.
Mashine yangu ilisema toleo la tatu,
lenye mihuri na makufuli,
naye alifunzwa la kwanza, hakuongezewa.
Nikakumbuka niliporudi kutoka Nairobi
nikamwamkia shangazi kwa Kiswahili cha televisheni,
akanitazama kama karani wa kodi.
Nikaongeza neno kwenye amri:
toleo, moja nukta sufuri.

Akajibu papo hapo.
Akajibu kwa kukataa. Kosa la kumi na tatu,
huna ruhusa.
Lakini anayekukataa, amekusikia.

Nikapiga ukelele ngazini:
"Shangazi, neno la siri ni lipi?"
"Siri ya nani?"
"Ya kompyuta!"
Sindano ikasimama.
"Twalibu, nyumba hini haiyafungwa mwango
tangu niolewe. Ingia tu.
Ndoo kama mgeni."

Mgeni.
Neno hilo nililipita mara kumi kwenye maelezo
nikiliona la wazembe.
Najua, najua: mlango wazi, wezi, na kadhalika.
Lakini waya huu waanza darini, waishia ukumbini,
hauvuki hata kichochoro.
Nikaandika: mgeni.

Na mwenyeji akapona.

Folda zikashuka moja moja:
NYOTA. KIUA CHA ZAMANI.
HARUSI YA MAHAZI. HARUSI YA MAHAZI MPYA.
DENI LA BAKATHIRI, tupu.
Halafu, chini kabisa, USIFUTE.

Ndani yake faili moja tu:
duara la tundu ndogo ndogo, nusu limechorwa,
ukingo haujafungwa,
na tarehe ya mwezi ule
macho ya ami Shekuwe yalipoingia ukungu.
Nikajaribu kuongeza tundu moja, moja tu.
Mashine ikanizuia:
mgeni husoma, haandiki.
Sikubishana nayo.

Kiolezo cha Ijumaa nikakichukua bila kushuka ngazi,
nikakikagua, kikaenda printa.
Shangazi akauliza nani yumo humu,
mbona mashine inanong'ona.

Usiku nikataka kuaga.
Nikaamuru kiungo kifunguliwe, ikagoma:
bado kinatumika.
Na nani? Nyumba nzima imelala.
Nikatafuta, nikatafuta,
nikakuta ni mimi,
dirisha moja nimeliacha wazi
kwenye lile duara.