Kifauongo

Mnazi Mmoja, nyuma ya bomba bovu,
mchunga umechomoza tena, na mnavu,
na kifauongo kimetambaa hadi miguuni pa benchi.

Bwana Kapinga wa manispaa kasema:
fyeka yote, Jumatatu kuna wageni.
Ndiyo mkuu. Nikainama.
Nilipogusa, majani yakajikunja
kama mtu aliyesikia deni lake likitajwa.

Nguchiro akachungulia toka mtaroni,
kinda la kunguru mdomoni;
juu kunguru wanamtukania ukoo mzima.

Ukoka nikafyeka. Mchunga, nusu;
nusu nikaufunga kwenye khanga, mboga ya jioni.
Kifauongo nikakiruka.

Kapinga akaja kukagua,
akapita katikati, kikalala chote,
akaona udongo, akatia saini.

Kiatu kikaenda zake.
Likafunguka jani la kwanza, la pili,
nami nikaunyoosha mgongo.